Siku mbili za mafunzo ya walimu wa Historia: nilichopata kwa sh. 50,000

Nafundisha Historia kidato cha kwanza na cha pili, na mkondo wangu mdogo kuliko yote una wanafunzi 68. Kwa hiyo mtu akinitajia "mbinu shirikishi" huwa naguna kwanza. Semina nyingi nilizokaa, ushirikishi wenyewe ni bango kitita, kalamu ya rangi, halafu chai. Haya ya mwezi wa tatu nililipia mfukoni mwangu, Jumamosi na Jumapili, na sijutii, ingawa si kila kitu kilistahili hela yangu.

Kilichonishika ni zoezi la sarafu. Mwezeshaji aligawa karatasi yenye picha tupu: sarafu ya shaba ya Kilwa, pande zote mbili. Andikeni mnachokiona, akasema, si mnachokijua. Walimu wazima tulihangaika! Jirani yangu alishaandika "biashara ya dhahabu ya Sofala" kabla hajaitazama vizuri. Ndipo tukapewa tafsiri: upande mmoja jina la sultani, Ali bin al-Hasan, upande wa pili, maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo zina vina kama shairi. Mwaka haukuandikwa. Sasa utajuaje ni ya lini? Tulibishana hadi wali ukapoa. Kadi ya mwisho ilionyesha sarafu za Kilwa zimeokotwa wapi: Kilwa kwenyewe, Zimbabwe Kuu, na 5 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Nani alizifikisha huko? Mwezeshaji hakujifanya anajua, nami nikampenda kwa hilo.

Nimelijaribu kidato cha pili, kopi moja kwa dawati. Kijana ambaye tangu Januari sijamsikia sauti alinyoosha mkono: "Mwalimu, labda aliyezipeleka aliona hazinunui kitu kule, akazitupa."

Zoezi jingine ni la masimulizi. Mwanafunzi anamwuliza mzee wa nyumbani kuhusu Operesheni Vijiji, miaka ile ya 1973 hadi 1976 serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, swali moja tu: mlipohama mlibeba nini? Anaomba ruhusa kwanza, na mzee asiyetaka kusimulia anaachwa. Binti mmoja alirudi na jibu la bibi yake: mlango. Waliung'oa kwenye nyumba ya zamani, wakautwika kichwani. Kipindi kizima tukauzungumza huo mlango. Notisi za ujamaa sikuzifungua.

Lawama ninazo. Jumapili asubuhi yote tulisomewa mtaala wa 2023 neno kwa neno kutoka ukutani, kitu ambacho kila mmoja wetu anacho kwenye simu. Cheti kikatozwa sh. 10,000 ambazo tangazo halikuzitaja. Na ule "msaada endelevu" tulioahidiwa, kwamba watakuja darasani kutuangalia tukifundisha na kutushauri, umeishia kwenye kundi la WhatsApp lenye salamu za asubuhi na matangazo ya mafunzo yajayo.

Niliuliza humo jinsi ya kutoa alama kwenye zoezi la sarafu, maana ofisi ya taaluma inataka namba. Waandaaji kimya. Aliyenijibu ni mwalimu mwenzangu wa Lindi, saa nne usiku: picha ya daftari lake, alama 2 kwa kuona, 3 kwa kuuliza, 5 kwa kutetea jibu. Ndiyo ninayotumia.