Nimeshona Menengai: darasa la siku mbili la sanaa ya kitambaa, Nakuru

Mimi ni fundi wa cherehani. Nimeshona sare za shule, mapazia na nguo za harusi hapa Nakuru kwa miaka 23, kwa hivyo binti yangu aliponiambia amenilipia darasa la kutengeneza picha za vitambaa kwa kuangalia mawe, nilicheka. Kuna nini kwenye kitambaa ambacho sijakiona? Lakini pesa zilikuwa zimeshatumwa kwa Mpesa, 4,500 za masomo na 1,800 za pakiti ya rangi, na zikishatumwa hazirudi. Nikaenda.

Tulianzia juu Menengai, ukingoni mwa lile shimo la volkano, pale watu hupigia picha. Nimewapeleka wageni hapo mara nyingi, na kila mara ni yale yale: tunatazama shimo, tunasema ni kubwa, tunarudi mjini kula. Mwalimu hakuturuhusu kutazama shimo lote. Alimpa kila mtu kadibodi yenye tundu la mraba katikati na kutuambia tuchore kile tu kinachoonekana ndani ya tundu. Kreta ile ina upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, lakini kwenye dirisha langu kulikuwa na mstari mmoja tu, pale lava nyeusi inapoishia na vichaka kuanza. Mstari wenyewe haukunyooka. Ulikuwa na vidole vidole, kama uji uliofurika sufuriani ukaganda juu ya jiko. Mwalimu akaeleza kuwa lava ya pale ilikuwa nzito, haikutiririka kama maji bali ilijisukuma polepole, ndiyo maana ukingo wake umevimba na kukunjamana. Nikaona jinzi kuukuu iliyofuliwa mara mia. Huo ndio weusi wake hasa, si weusi wa kitambaa kipya cha dukani.

Mchana tukarudi mezani. Kila mtu apange matabaka saba ya kitambaa, ayapige bandi yashikane, kisha akate kutoka juu kwenda chini, hapa tabaka mbili, pale tano, hadi rangi za chini zijitokeze, jinsi mvua na upepo vinavyofunua mwamba. Mimi niliweka jinzi nyeusi juu na bitana nyekundu chini kabisa. Jirani yangu wa meza, mwalimu wa shule kutoka Gilgil, alichagua machimbo ya Kariandusi yaliyo karibu na kwao. Weupe wa pale ni maganda ya vijimea vya ziwa la kale, vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyorundikana chini ya maji. Akatumia vitambaa saba vyote vyeupe: amerikani, shashi, shuka kuukuu, na kadhalika. Nilidhani amekosea. Alipoanza kukata, nikaona weupe saba tofauti, mmoja wa maziwa, mmoja wa jivu, mmoja karibu na manjano. Katikati akashona kipande kimoja cha bitana nyeusi inayong'aa chenye umbo la shoka la mkono, kwa sababu watu wa kale wa Kariandusi walichonga mashoka yao kwa obsidiani, lile jiwe jeusi kama kioo. Kazi yake iliishinda yangu, nakiri.

Tulibishana na mwalimu kidogo. Alitaka tukate kufuata uzi wa kitambaa. Nikamwambia, "Mwalimu, ukikata hivyo kitatoa nyuzi zote. Kata mshazari." Akacheka. "Haya mama, tuone." Nilikata changu mshazari na kukifua jioni ile. Ncha zilifurika manyoya mafupi zikabaki imara, na lava yangu ikapata ule mkwaruzo wa kweli. Asubuhi yake akaliambia darasa zima likate mshazari. Mwalimu anayekubali kusahihishwa mbele ya wanafunzi wake, mimi namheshimu.

Kabla ya kuachana siku ya kwanza alitwambia tuchukue kazi tuliyoimaliza, tuikate katikati kutoka juu hadi chini, tushushe upande mmoja kama inchi mbili, tuunganishe upya. Mkono uliniganda. Mistari haikukutana tena, na hapo ndipo nilipoelewa namna sakafu ya Bonde la Ufa ilivyoshuka kati ya nyufa zake. Nimeishi ndani ya bonde hili maisha yangu yote.

Sasa siku ya pili, ya rangi. Pakiti ile ya 1,800 ni vikopo vinne vya udongo uliosagwa (mwekundu, wa manjano, kahawia, mweupe), brashi mbili na karatasi ya maelekezo. Maelekezo yanasema changanya na maji, paka, anika siku moja, osha. Nilifanya hivyo hivyo. Udongo wangu wote ulibaki kwenye beseni. Udongo hauingii ndani ya uzi kama rangi ya dukani, unahitaji kitu cha kuugandisha. Baadaye nilijaribu maziwa ya soya niliyotengeneza mwenyewe jikoni, nikaacha kitambaa kikae wiki kadhaa kabla ya kukigusa na maji, na safari hii wekundu umebaki. Hilo lilistahili kuandikwa kwenye karatasi ya shilingi 1,800. Niliwatumia ujumbe, wakajibu "asante kwa maoni". Basi.

Kilichookoa siku ile ni majani ya chai na misumari yenye kutu. Chemsha kitambaa cha pamba kwenye chai kali, kisha kitumbukize kwenye maji yaliyolowekwa misumari na siki. Kinageuka kijivu, halafu karibu cheusi, mbele ya macho yako. Usizidishe tu, kutu inakula pamba polepole, na kitambaa kikichakaa hakina fundi.

Kama utaenda, lipia darasa na uiache pakiti. Beba mkasi wako mwenyewe ulionolewa, yao haikati hata tabaka tatu. Na vaa viatu vya kufunika vidole, kule juu kuna vumbi.

Menengai yangu sasa inaning'inia dukani nyuma ya cherehani. Wiki jana mteja wa mapazia aliitazama sana, akaniuliza nauza bei gani hicho kipande cha kupangusia miguu. Nikamwambia elfu nane. Akanyamaza, akaisogelea, akaweka kidole pale nilipoikata na kuishusha inchi mbili. "Hapa mama umekosea," akasema.