Nairobi–Mombasa kwa ndege ya bei nafuu: jua ndege yako ilikotoka kabla hujalipa

Tangu Desemba wasomaji wananiandikia jambo lile lile. Mmoja alikata tiketi ya Ijumaa jioni kuja Mombasa, ndege ikasogezwa, ikasogezwa tena, akatua uwanja wa Moi, Mombasa, usiku wa manane na kukuta nauli za teksi zimepanda. Mwingine, na hili limeniuma kweli, alifiwa na mjomba wake usiku. Maziko yakapangwa baada ya Alasiri. Akaona tiketi ya saa saba mchana ni rahisi kidogo kuliko ya asubuhi, akaichukua. Ndege haikuondoka hadi saa kumi. Alipofika Kisauni watu walishatoka makaburini.

Kampuni iliyomchelewesha siitaji, kwa sababu shida hii si ya kampuni moja. Ni shida ya saa. Sijaona anayeuza tiketi akimweleza mteja habari hizi, na ndiyo maana mwongozo huu hauzungumzii sana viti wala maji ya kunywa. Safari yenyewe ni saa moja hivi. Kiti kibaya utakivumilia. Maziko hayakungoji.

Ndege moja, siku nzima

Kampuni ya bei nafuu hupata faida ndege ikiwa angani. Ikikaa chini inakula pesa: malipo ya kukodi ndege, mishahara, ada za uwanja. Kwa hiyo ndege ile ile iliyoondoka Nairobi alfajiri kwenda Mombasa hurudi, ikaenda Kisumu, ikarudi, ikaenda Eldoret, ikarudi, ndipo ije ikuchukue wewe jioni. Ni kama matatu inayopiga mzunguko, ila matatu ikikwama unashuka ukapanda nyingine. Chini kwenye kila kituo hupewa muda mfupi sana wa kushusha watu, kufagia na kupakia wengine. Abiria mmoja akichelewa na begi lake limeshaingia, litafutwe lishushwe, dakika ishirini zimekwenda. Hizo dakika hazirudi. Zinahamia safari inayofuata, na inayofuata, zikiongezeka njiani.

Ongeza hali yetu. JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, ina njia moja tu ya kurukia. Kitu kikikwama hapo, kila ndege inangoja. Kisumu hupigwa na ngurumo na mvua za ziwa mara nyingi alasiri, si asubuhi. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anaweza kucheleweshwa na wingu la Ziwa Victoria, amekaa Nairobi jua linawaka, akaambiwa "sababu za kiutendaji". Marubani na wahudumu nao wana saa zao za kazi kisheria. Zikiisha, ndege hairuki hata ikiwa nzima, na zinaisha jioni.

Ndiyo maana nasema: nunua safari ya kwanza ya siku. Ndege hiyo kwa kawaida imelala pale pale, haingoji mtu kutoka kokote. Hatari yake ni ukungu wa Nairobi alfajiri, ambao huja majira ya mvua na miezi ya baridi na kuzuia ndege kutua au kuruka. Lakini ukungu huinuka jua likipanda, na wewe bado una siku nzima mbele yako.

Kuna namna ya kupima kabla hujalipa. Ingia Flightradar24, tovuti inayoonyesha ndege ziliko, andika namba ya safari unayotaka kununua, uone wiki iliyopita iliondoka saa ngapi kila siku. Ni bure. Ukiona safari ya saa kumi na mbili jioni imeondoka saa mbili usiku siku tatu kati ya saba, hiyo ndiyo ratiba yake halisi, si ile iliyoandikwa kwenye tiketi. Siku ya safari, saa chache kabla hujatoka nyumbani, bonyeza usajili wa ndege, herufi zile zinazoanza na 5Y, uone iko wapi. Ikiwa iko Eldoret na wewe unaambiwa "tutaanza kupakia punde", utajua la kufanya.

Nafasi ya kwanza: Jambojet, ya alfajiri

Sifichi, hii ndiyo kampuni ninayoipenda na ndiyo ninayowaambia ndugu zangu waipande. Ni kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilianza kuruka tarehe 1 Aprili 2014, na nauli zake za mwanzo zilianzia shilingi 2,850. Wako watu wa Pwani waliopanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kwa sababu ya bei ile, na mimi heshima hiyo siisahau.

Lakini sababu yangu kubwa ni ndege zenyewe. Zote ni aina moja, Dash 8-400 zenye viti 78, zenye rafadha, mapangaboi kama wanavyoziita ndugu zetu wa Tanzania. Watu huzidharau kwa kelele zake. Mimi naona faida: moja ikiharibika, nyingine yoyote inaweza kuchukua nafasi yake kwa viti vile vile na marubani wale wale. Na safari za Mombasa ni nyingi kwa siku, kwa hiyo ya kwanza ikifutwa kuna ya pili ya kudai kiti. Kampuni yenye safari moja kwa siku ikifuta, umelala Nairobi.

Nauli ya chini inakupa begi la mkononi la kilo 7. Makabati ya juu ya ndege hizi ni madogo, kwa hiyo mfuko laini ni bora kuliko sanduku la magurudumu. Begi la kwenda chini lilipie mapema mtandaoni, usingoje kaunta. Malipo ni kwa M-Pesa, na ukilipa mwenyewe ujumbe unakujia wewe. Hilo nitalirudia.

Ya pili: Kenya Airways yenyewe

Wengi hawaiangalii kwa kudhani ni ghali. Fanya hesabu kamili. Ukishalipia begi na kiti kwenye nauli nafuu, kuna siku tofauti inabaki ndogo mno, hasa ukinunua mapema. Soma tu nauli unayochagua inabeba kilo ngapi. Jioni, ikiwa huna budi kusafiri jioni, ningechukua hii kuliko yoyote: kampuni yenye ndege nyingi ina pa kuomba ndege nyingine.

Ya tatu: za Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi

Skyward Express na Safarilink ni za mtu anayekwenda Diani. Unatua Ukunda, hotelini ni karibu, na hushughuliki na kivuko cha Likoni wala mzunguko wa barabara ya Dongo Kundu. Kwa anayeishi Lang'ata au South C, Wilson ni jirani kuliko JKIA. Safarilink si ya bei nafuu, na kwenye ndege zake ndogo mizigo hubanwa. Kanuni ya saa ni ile ile: asubuhi.

Treni ya SGR ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 la kwanza tangu Januari 2024, na itakuacha Miritini, mbali na katikati ya Mombasa. Basi la usiku mnalijua.

Kuhusu mawakala

Sasa niseme linalonikera. Malalamiko mengi niliyopokea yana mtu wa katikati: wakala wa mjini mwenye kompyuta na kiti cha plastiki. Anakukatia tiketi, na pale pa kuandika simu na barua pepe ya abiria anaandika zake. Kampuni ikibadilisha saa, ujumbe unakwenda kwake. Yeye amefunga duka, amelala. Wewe unafika uwanjani saa kumi na moja alfajiri kumbe ndege imesogezwa hadi saa nne, au vibaya zaidi, imerudishwa nyuma na imeshaondoka. Mama mmoja wa Likoni alikosa miadi ya hospitali Nairobi aliyoingoja miezi, kwa sababu hiyo tu. Kabla hujamlipa wakala, simama nyuma yake uone namba yako ikiingia kwenye skrini. Akikataa, ondoka.

Na safari ikifutwa asikwambie "tiketi hii hairudishwi" ukanyamaza. Ndani ya bei ile kuna shilingi 600 za ada ya abiria wa ndani, inayotozwa kwa niaba ya serikali kwa mtu anayeruka. Wewe hukuruka. Idai, pamoja na nauli, maana aliyefuta si wewe.

Ulaya abiria aliyecheleweshwa saa tatu au zaidi kwa safari fupi kama hii yetu, na kosa likawa la kampuni, hudai euro 250 kwa kanuni ya 261 ya mwaka 2004. Ryanair na wenzake wanauza tiketi za bei ya chini mno na bado kanuni hiyo inawabana. Hapa kwetu mtu anacheleweshwa nusu siku, anapewa chupa ya maji.

Bei za Desemba nazo ni dhuluma. Nauli ya "kuanzia" hubaki kwenye tangazo, ila viti vya bei hiyo ni vichache na vinakwisha kabla shule hazijafungwa. Tulioyaona ya Fastjet, kampuni ya bei nafuu kule Tanzania, tunajua bei tupu haimfikishi mtu: ilianza Novemba 2012 kwa tiketi za kuanzia shilingi 32,000 za kule, watu wa Mwanza wakafurahi, na mwishoni mwa 2018 ikasimama huku abiria wakiwa na tiketi za sikukuu mikononi. Anayetaka kuja Pwani Desemba akate Septemba, alipe mwenyewe kwa simu yake, achague Jumanne au Jumatano, na safari iwe ile ya kwanza ya siku.