Uzoefu wangu: kutembelea kanisa la mbao la Urnes, Norwei

Ukilipa kiingilio cha Urnes unapewa pia mtu wa kukutembeza, na kwangu maelezo yake ndiyo yaliyoipa safari thamani. Kanisa ni dogo, la mbao, lilijengwa mnamo 1130 katika kijiji cha Ornes, juu ya maji ya Lustrafjorden, mkono mwembamba wa bahari uliopenya kati ya milima. Ukilitazama peke yako utasifu uzuri wake uende zako. Ukielezwa, unaanza kuuliza limeponea wapi.

Ufundi wake umelisaidia. Nguzo hazikuchimbiwa ardhini, zimesimama juu ya magogo yaliyolazwa kwenye mawe, kwa hiyo unyevu wa udongo hauzifikii.

Ukuta wa kaskazini ndio ulionishika. Mlango wake una umri mkubwa kuliko kanisa lenyewe: ulichongwa karne ya 11 kwa ajili ya kanisa lililotangulia, kisha mafundi wakauhamishia hapa. Mnyama wa miguu minne anang'atana na nyoka, miili myembamba imepitana mpaka jicho linapotea njia. Wapo wanaosema ni simba, yaani Kristo akipambana na uovu; wengine wanaona hadithi za kabla ya Ukristo. Nimekua nikipita mbele ya milango ya Mji Mkongwe, Zanzibar, na bado sijawahi kuona mti uliochimbwa kwa kina namna hii.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya uhifadhi. Mwaka 1851 sheria iliagiza kila kanisa liweze kuingiza angalau asilimia 30 ya watu wa parokia yake. Makanisa ya kale ya mbao yalikuwa madogo, na mengi yakabomolewa. Mchoraji J.C. Dahl alikuwa ameshapiga kelele mapema, na mwaka 1844 alishiriki kuanzisha Fortidsminneforeningen, chama cha raia cha kulinda majengo ya kale. Chama hicho kikachukua kanisa jingine la mbao, la Borgund, mwaka 1877 na Urnes mwaka 1881. Leo nchi nzima yamesalia 28 tu. UNESCO iliiingiza Urnes katika urithi wa dunia mwaka 1979, na wageni wengi huja kwa sababu ya jina hilo. Kwa maoni yangu sifa kubwa ni ya wale waliotoa fedha zao karibu miaka mia kabla, wakati majirani wao wakitaka jengo jipya kubwa.

Kwa wanaopanga kwenda: hufunguliwa majira ya joto. Unavuka kwa feri kutoka kijiji cha Solvorn, halafu unapanda mlima kwa miguu, kama kilomita moja. Mwenye magoti mabovu aende taratibu. Ndani msikimbilie kutoka. Inueni macho mtazame vichwa vya nguzo, vimechongwa wanyama na watu. Kama nafasi yako ni ya kanisa moja tu na unapenda nakshi, njoo Urnes. Anayetaka kuona mapaa yaliyopandana na vichwa vya joka juu yake, Borgund itamfaa zaidi.