Tanev na Ekman-Larsson: Je, Toronto Maple Leafs Ilipata Thamani ya Fedha Zake?

Tarehe 1 Julai 2024, siku ambayo wachezaji waliomaliza mikataba yao katika ligi ya hoki ya barafuni ya NHL walikuwa huru kujiunga na klabu yoyote, Toronto Maple Leafs iliwasajili mabeki wawili kwa ahadi ya jumla ya dola milioni 41 za Marekani. Chris Tanev, mzaliwa wa Toronto aliyekuwa na umri wa miaka 34, alipewa mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 27. Oliver Ekman-Larsson, raia wa Uswidi ambaye wiki moja tu kabla ya hapo alikuwa amelinyanyua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, akiwa na Florida Panthers, alipewa miaka 4 kwa dola milioni 14. Mashabiki wameibishania mikataba hii tangu siku ile, na kila beki mmojawapo anapoumia au kukosea, ubishi huanza upya. Naipenda timu hii, na kwa sababu hiyo nataka kuipima mikataba hii kwa haki: klabu iliuziwa nini, kwa bei gani, na je, kilichonunuliwa kimefanya kazi iliyokusudiwa?

Msomaji aliyezoea usajili wa soka anahitaji kwanza kuelewa kwa nini dola milioni 4.5 kwa mwaka kwa beki mmoja zinaweza kuwagawa mashabiki wa klabu tajiri kama hii. Katika NHL hakuna ada ya uhamisho kwa mchezaji huru, lakini kuna ukomo wa mishahara ambao hakuna klabu inayoruhusiwa kuuvuka kwa sababu tu mmiliki wake ana fedha. Msimu wa 2024–25 ukomo huo ulikuwa dola milioni 88 kwa kikosi kizima. Kinachohesabiwa dhidi ya ukomo ni wastani wa mkataba kwa mwaka, na ndiyo maana klabu hupenda kuongeza miaka ili wastani ushuke. Tanev hakupewa miaka 6 kwa kuwa kuna mtu aliyeamini kwamba atakuwa beki imara akiwa na miaka 40. Alipewa miaka 6 ili miaka 2 au 3 ya mwanzo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikinunuliwa hasa, igharimu kidogo zaidi kila mwaka. Asiyeanza na jambo hili ataushutumu mkataba kwa kosa ambalo si lake.

Hofu ya mashabiki wenye umri mkubwa kidogo inaeleweka. Mwaka 2008 klabu hii ilimpa beki Jeff Finger miaka 4 kwa dola milioni 14, naye akaishia kucheza katika ligi ya chini. Mwaka uliofuata Mike Komisarek alipewa miaka 5 kwa wastani wa dola milioni 4.5, kiasi kile kile anacholipwa Tanev leo, na mkataba wake ukavunjwa mwaka 2013 kabla haujaisha. Kiangazi cha 2023 John Klingberg alisajiliwa kwa mwaka mmoja kwa dola milioni 4.15 na akacheza mechi 14 tu kabla ya nyonga kumlazimisha kufanyiwa upasuaji. Hata hivyo, wanaoitaja orodha hiyo mara nyingi humsahau T.J. Brodie, aliyesajiliwa mwaka 2020 kwa miaka 4 na dola milioni 5 kwa mwaka, na ambaye kwa sehemu kubwa ya mkataba huo alikuwa beki wa kutegemewa kuliko wote kikosini.

Tuanze na Tanev, kwa kuwa ndiye anayebishaniwa zaidi. Hakuchaguliwa na klabu yoyote katika mchujo wa vijana, ambamo klabu za NHL huchagua chipukizi kwa zamu, raundi baada ya raundi. Alitokea timu ya chuo kikuu huko Rochester, akacheza miaka 10 Vancouver na karibu miaka 4 Calgary, ambako meneja mkuu Brad Treliving ndiye aliyemsajili mwaka 2020. Treliving huyo huyo, akiwa wakati huo Toronto, ndiye aliyezinunua haki za kuzungumza naye kutoka Dallas, klabu yake ya mwisho, siku chache kabla ya dirisha kufunguliwa. Kwa hiyo haukuwa ununuzi wa kubahatisha, kwani mnunuzi aliijua bidhaa kwa miaka kadhaa. Tanev si beki wa mabao. Kazi yake ni kukabiliana na washambuliaji bora wa wapinzani usiku baada ya usiku, kuitoa timu katika eneo lake kwa pasi fupi zisizo na papara, na kuucheza muda wa pungufu, mwenzake mmoja anapokuwa amekaa nje kwa adhabu. Zaidi ya yote, yeye huuweka mwili wake mbele ya mashuti. Anayetazama kwenye televisheni hawezi kuhisi uzito wa jambo hilo: kisahani cha hoki ni kipande cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, na shuti kali huzidi kilomita 140 kwa saa.

Msimu wa kwanza ulimpa haki kila aliyeutetea mkataba wake. Alicheza mechi 75, na alipokuwa barafuni katika mchezo usio wa adhabu, Toronto ilifunga mabao 31 zaidi ya iliyofungwa. Yeye na Jake McCabe wakawa jozi ambayo kocha Craig Berube aliituma kila wapinzani walipotoa safu yao kali. Timu ilimaliza na pointi 108 ikiwa kinara wa Kanda ya Atlantiki, ikaitoa Ottawa katika raundi ya kwanza, kisha ikaangushwa na Florida katika mechi ya saba na ya mwisho ya raundi ya pili. Wapo mashabiki wanaosema sifa hizo ni za kipa Anthony Stolarz, ambaye alisajiliwa siku ile ile kwa dola milioni 2.5 kwa mwaka na akaongoza ligi kwa kuokoa asilimia 92.6 ya mashuti. Hoja yao ina uzito, kwa sababu kipa mzuri hupendezesha takwimu za kila beki aliye mbele yake. Lakini mabeki wengine wa Toronto walicheza mbele ya kipa huyo huyo, tena wengi wao dhidi ya wapinzani dhaifu zaidi, na hawakufikia namba hiyo. Kwa msimu huo mmoja, kwa maoni yangu, dola milioni 4.5 zilikuwa bei nafuu.

Msimu wa pili ulileta kile ambacho wapinzani wa mkataba walikitabiri, ingawa si kwa namna waliyoitabiri. Tarehe 1 Novemba 2025, mjini Philadelphia, Tanev aligongana na mpinzani na kutolewa barafuni kwa machela. Majeraha yalimwachia mechi chache tu msimu huo. Wengi walisema ni umri. Mimi naona sababu iliyo karibu zaidi na kiini cha mkataba wenyewe, nayo ni kwamba sifa iliyonunuliwa ndiyo hiyo hiyo inayomchakaza mwenye nayo. Beki wa kushambulia anayeanza kupungua kasi hupoteza pointi kadhaa, yaani mabao na pasi za mabao, na kuendelea kucheza. Beki anayelala mbele ya mashuti na kuingia kona za uwanja akiwa wa kwanza hawezi kuicheza nusu ya mchezo wake, kwa kuwa akijihurumia thamani yake inakwisha, na asipojihurumia mwili ndio unaokwisha. Meneja anayemnunua mchezaji wa aina hii anapaswa kukokotoa kwamba atampata kwa ukamilifu au atamkosa kabisa, na kupanga kikosi kwa hesabu hiyo.

Hapa ndipo lawama yangu ilipo, nayo inaelekea kwa klabu. Beki wa kulia wa akiba aliyekusudiwa kiangazi kile cha 2024 alikuwa Jani Hakanpää, mtu mkubwa wa umbo ambaye goti lake lilikuwa na mashaka kiasi kwamba makubaliano ya miaka 2 yalipunguzwa hadi mwaka mmoja wa dola milioni 1.47. Alicheza mechi 2 msimu huo. Kumwekea beki mwenye historia ya majeraha mbadala mwenye goti bovu si mpango.

Ekman-Larsson ni habari tofauti, na nasikitika kwamba hujadiliwa kidogo kuliko anavyostahili. Alipowasili, wengi waliliona jina lake kama onyo. Mwaka 2018 Arizona ilikuwa imempa miaka 8 kwa dola milioni 66, ikamhamishia Vancouver mwaka 2021, na Vancouver ikauvunja mkataba mwezi Juni 2023 ikikubali kubeba gharama yake kwenye ukomo wa mishahara hadi msimu wa 2030–31. Baadaye akaenda Florida kwa mwaka mmoja na dola milioni 2.25, akatumiwa kwa kiasi, akapona mwilini na kichwani, akatwaa kombe. Toronto ilimnunua mchezaji huyo wa Florida, si yule wa Vancouver, na tofauti hiyo mashabiki wengi hawakuipa nafasi. Msimu wa kwanza alicheza mechi 77 na kupata pointi 29, akihamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kutoka mwenza mmoja kwenda mwingine bila kulalamika. Hupoteza kisahani pale asipopaswa mara nyingi kuliko ningependa, na fimbo yake humletea adhabu zisizo za lazima. Hata hivyo, kwa dola milioni 3.5, beki anayeweza kucheza pande zote mbili, kuanzisha mashambulizi na kupiga shuti la mbali lenye madhara ni ununuzi bora kuliko wengi waliofanywa na klabu hii katika muongo huu. Katika msimu wa 2025–26 Vancouver ilihesabiwa takriban dola milioni 4.77 ili asiichezee, huku Toronto ikihesabiwa milioni 3.5 ili aichezee.

Bei haiwezi kuhukumiwa bila kuangalia soko la siku ile. Nashville ilimpa Brady Skjei dola milioni 49 kwa miaka 7, na Seattle ikampa Brandon Montour milioni 50 kwa miaka 7. Timu zote mbili zikakosa mtoano msimu uliofuata. Boston ilimpa Nikita Zadorov milioni 30 kwa miaka 6, naye akaongoza ligi kwa dakika za adhabu, timu ikabaki nje. Matt Roy alikwenda Washington kwa milioni 34.5 katika miaka 6, na huko mambo yalikwenda vizuri. Toronto ilipata mabeki wawili kwa dola milioni 8 kwa mwaka, milioni moja tu zaidi ya alicholipwa Skjei peke yake.

Njia nyingine ya kupata beki ni kubadilishana, na gharama yake ilionekana Machi 2025 Toronto ilipomtafuta Brandon Carlo wa Boston. Ilimtoa kijana Fraser Minten, nafasi yake ya raundi ya kwanza ya mchujo wa 2026 yenye masharti, na nafasi nyingine ya raundi ya nne. Tanev na Ekman-Larsson waligharimu fedha, na katika haki za Tanev mchezaji mmoja wa ligi ya chini na nafasi ya raundi ya saba. Kwa klabu ambayo imegawa vijana wake kwa miaka mingi ikilitafuta kombe ambalo haijalishika tangu 1967, tofauti hiyo ni kubwa, na ni hoja ambayo ningependa kuisikia zaidi kutoka kwa wanaosema kiangazi kile fedha zilitupwa.

Jambo jingine linaloupunguza uzito wa mikataba hii ni kupanda kwa ukomo wenyewe. Milioni 4.5 za Tanev zilikuwa asilimia 5.1 ya ukomo wa 2024–25. Ukomo wa 2026–27 ulipangwa kuwa dola milioni 104 na wa 2027–28 milioni 113.5, kwa hiyo sehemu yake itashuka hadi asilimia 4 hivi. Haiwi bure, lakini ni kiwango ambacho timu nzuri inaweza kukibeba.

Kwa hukumu yangu, Ekman-Larsson anastahili nyota nne kati ya tano, na sioni sababu ya kumuuza kabla mkataba wake haujaisha mwaka 2028 isipokuwa klabu ikiamua kujenga upya kabisa. Tanev nampa tatu na nusu: tano kwa msimu wa kwanza, na pungufu kwa muda mrefu ambao klabu haikuuwekea kinga. Kwa mashabiki wanaotaka mkataba wake uvunjwe, ni vema wajue kanuni. Kwa mchezaji wa umri wake, klabu hulipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, na malipo hayo husambazwa kwa mara mbili ya miaka iliyobaki. Ukivunjwa kiangazi cha 2026, ukiwa umebakiza miaka 4, jina la Tanev lingebaki kwenye hesabu za Toronto hadi mwaka 2034. Akishindwa kabisa kucheza, orodha ya majeruhi wa muda mrefu inaipa klabu nafuu kwenye ukomo bila kubeba mzigo huo. Akipona, hata kwa mechi 50 kwa msimu katika jozi ya tatu ya mabeki, ile inayocheza dakika chache zaidi, bado ni beki ambaye timu nyingi zinazojiandaa kwa mtoano zingetaka kuwa naye.