Minyororo ya Matairi kwa Barabara za Theluji: Ipi Inunuliwe Kwanza

Kabla hujaangalia mnyororo wowote, inama kando ya gari na upitishe mkono nyuma ya tairi, pale linapopakana na shokomzoba. Pima nafasi iliyopo hapo, kisha upime na ile iliyo juu ya kashata za tairi, yaani uso wake unaogusa barabara. Vipimo hivyo viwili vina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Mnyororo mnene ukilazimishwa kwenye nafasi finyu utagonga shokomzoba, ukwangue mpira wa breki na kukata waya wa ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki, na utafanya hivyo ukiwa katikati ya mlima, mahali pabaya kuliko pote pa kugundua kosa.

Kisha fungua kitabu cha gari. Kuna magari ambayo mtengenezaji anaruhusu minyororo kwenye saizi moja tu ya tairi, mara nyingi ile nyembamba, na kuikataza kwenye rimu kubwa za urembo. Saizi yako imeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 205/55 R16: upana wa milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16. Namba zote tatu lazima zionekane kwenye boksi. Muuzaji akikwambia "inakaribiana, itaingia tu", iache.

Kwa gari dogo la kawaida, nafasi ya kwanza naipa bila kusita minyororo ya chuma yenye mpangilio wa almasi, pete za milimita 9. Katika mpangilio huu minyororo hupishana mshazari juu ya tairi, kwa hiyo wakati wowote kuna chuma kinachogusa barabara. Ndiyo maana gari hushika unapovuta, unapofunga breki na hata unapokata kona. Kama nafasi yako ni finyu, chukua milimita 7. Kama una gari zito la juu, angalia zile za milimita 12 au zaidi.

Kinachotofautisha mnyororo mzuri na mbaya wa aina hii ni namna unavyofungwa, na hapo ndipo ningeomba ukae muda mrefu zaidi dukani. Utoe kwenye boksi uushike. Ule mzuri una waya mgumu unaopinda, ambao unausukuma nyuma ya tairi kama unapitisha kitanzi, unaunganisha ncha zake mbili kwa juu, kisha unauangusha chini upande wa ndani. Baada ya hapo unatundika kulabu za upande wa nje na kuvuta mnyororo mwembamba wa kukazia. Ncha na kulabu hizo ziwe na rangi tofauti, nyekundu, njano au buluu. Unaweza kuona rangi ni urembo, lakini fikiria giza limeingia, vidole vimekufa ganzi na theluji imeganda kwenye madigadi: rangi ndiyo inayokuonyesha kipi kinaingia wapi.

Ipo minyororo inayojikaza yenyewe gari likitembea, na ipo ya kukaza kwa mkono, ambayo baada ya mita 50 hadi 100 unasimama uikaze tena. Ya kujikaza ni bora kama kifaa chake ni imara. Kikiwa hafifu huganda kwa barafu, na hapo ni heri ya mkono.

Nafasi ya pili ni soksi za tairi, yaani mifuko ya kitambaa kigumu inayovishwa tairi zima. Ninajua wengi wanazidharau, nami sikubaliani nao. Kwa gari ambalo halina nafasi ya chuma, au mtu anayekutana na theluji mara mbili kwa mwaka, ni ununuzi wa busara: ni nyepesi, hazigongi chochote, na huvalishwa haraka. Ila zikipita kwenye lami tupu huchanika upesi. Tafuta zenye alama ya EN 16662-1, kiwango cha Ulaya cha vifaa hivi. Ufaransa, ambako tangu Novemba 2021 maeneo mengi ya milimani yanadai matairi ya baridi au minyororo kati ya Novemba 1 na Machi 31, inakubali pia za kitambaa.

Ya tatu ni nyaya, yaani kebo za chuma zinazofungwa kwenye tairi badala ya mnyororo. Ni nyembamba na hazijazi buti, na zinatosha kwenye theluji nyepesi. Kwenye barafu ngumu na mlima mkali hazishiki kama mnyororo, na waya ukikatika hautengenezeki kando ya barabara.

Minyororo ya ngazi naiweka ya nne kwa gari dogo, ingawa malori bado yanaitegemea. Vipande vyake hukatiza tairi kama vidato, na kati ya kidato na kidato tairi hubaki tupu, hivyo gari hutetemeka na ni rahisi kuponyoka ubavuni.

Vifungo vya plastiki vya kuzungusha kwenye tairi usinunue. Hukatika, na kipande kikiruka kinapiga bodi au mtu.

Vyovyote utakavyochagua, nunua jozi, nayo ifungwe kwenye magurudumu yanayovuta gari: ya mbele kama linavuta mbele, ya nyuma kama linavuta nyuma. Kwa foo wili, yaani gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, fuata kitabu. Ukifunga mbele peke yake, kumbuka mkia hauna kitu, na kwenye mteremko unaweza kukuzunguka. Usizidi kilomita 50 kwa saa, au kasi ndogo zaidi kama boksi linasema hivyo, na ivue ukifika kwenye lami kavu. Wenye foo wili nao wasijione wamesalimika: California, Marekani, kwenye agizo la R2, ngazi ya pili ya masharti ya minyororo barabarani, gari la foo wili lenye matairi ya theluji hupita bila kufunga minyororo lakini lazima liwe nayo ndani, na likitangazwa R3, ngazi kali kuliko zote, kila gari hufunga.

Ukinunua iliyotumika, kagua pete moja moja, hasa sehemu inayogusa barabara. Ikiwa imelika nusu ya unene wake, mwachie mwenyewe. Na mpya usiifungue kwa mara ya kwanza kwenye baridi. Ifunge nyumbani mchana, mara mbili, ukiwa umevaa glavu zilezile utakazosafiri nazo. Kwenye boksi ongeza mkeka wa kupigia magoti na tochi ya kichwani. Ukirudi safarini isuuze kwa maji ya vuguvugu kutoa chumvi ya barabarani, na uitundike ikauke kabisa kabla ya kuirudisha kwenye buti.