Baiskeli ya umeme au ya kukanyaga: mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Anza kwa kuzibeba zote mbili. Ya kawaida ina kilo 11 hadi 15 hivi. Ya umeme mara nyingi ni kilo 20 hadi 27. Kama unaishi ghorofani na huna pa kuilaza chini, baiskeli ya umeme itakuwa adhabu ya kila jioni, hata kama betri yake inachomoka.

Kwa safari ya kilomita 4 au 5 kwenye tambarare, ya kukanyaga inatosha kabisa. Fundi yeyote anaijua, na tyubu au waya wa breki hautafutwi mbali. Umeme una maana palipo na kilima, mzigo, mtoto nyuma au upepo wa mbisho, na kwa anayetaka kufika shati likiwa kavu.

Ukiamua umeme, usibabaishwe na wati za mota. Tazama betri: zidisha volti kwa ampea-saa. Volti 36 mara 14 ni wati-saa 504. Kilomita moja hula wati-saa 8 hadi 15, kutegemea uzito, mlima na msaada wa mota unaouomba, kwa hiyo tarajia kilomita 35 hadi 60. Tangazo la kilomita 100 kwa betri kama hiyo ni la mpandaji mwepesi, barabara laini, msaada wa chini kabisa.

Kisha sensa, kifaa kinachoiambia mota lini ikusaidie. Ya bei rahisi huona tu kwamba pedali zinazunguka: mota huchelewa kidogo, halafu inakusukuma ghafla, na kwenye kona finyu hilo ni kero kweli. Inayopima nguvu ya mguu hukusaidia kadiri unavyokanyaga. Hapa ndipo pa kuongeza hela.

Mota ya katikati, kwenye pedali, hupanda mlima vizuri kwa sababu inatumia gia zako. Lakini nguvu yote hupita kwenye mnyororo. Upime, na ukirefuka asilimia 0.5 ubadilishe, la sivyo utakula na meno ya gia.

Mota ya kitovuni, yaani katikati ya gurudumu, haiuchoshi mnyororo. Shida yake ni pancha ya gurudumu lenye mota. Zima umeme, kata vifungo vya plastiki, chomoa plagi ya waya kwa kuivuta moja kwa moja (ukiipinda, pini zinalala), ndipo ufungue nati, mara nyingi kwa spana namba 18. Kuna washa yenye jino: wakati wa kurudisha, jino liingie kwenye mwanya wa fremu. Ikisahaulika, mota ikisukuma, ekseli huzunguka yenyewe na kuunyonga waya mpaka ukatike. Tembea na spana hiyo. Fundi wa njiani huenda asiwe nayo.

Betri ya lithiamu isiachwe juani wala isichajiwe kwenye baridi chini ya nyuzi 0. Ikikaa miezi bila kazi, iache na chaji nusu hivi. Baiskeli ya umeme ya mtumba usiiguse kabla hujahakikisha betri mpya ya umbo lilelile bado inauzwa.

Jaribio la mwisho: izime, uikanyage mita 300. Nyingine huteleza vizuri, ila nzito. Zenye mota ya kitovuni isiyo na gia za ndani huvuta kama breki iliyokwama, na hivyo ndivyo utakavyorudi nyumbani siku chaji ikiisha.