Dar au Mwanza: soka la sekondari lina nguvu wapi?

Mimi ni mtoto wa Temeke, lakini nasema wazi: kwa timu, Mwanza wanatuzidi. Kwa mchezaji mmoja mmoja, nipe wa Dar. Ukienda kutazama UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kijana wetu unamjua kwa mguu wake. Chandimu ya uchochoroni imemfundisha kupiga chenga penye nafasi ya mkeka. Temeke, Ilala, hadi Kigamboni, vipaji vimejaa. Tatizo, aking'aa kidogo tu anaitwa na akademi ya Azam kule Chamazi, au timu za vijana za Simba na Yanga, na shule inabaki na pengo. Viwanja navyo vimebanwa na nyumba.

Mwanza kuna kitu nakionea wivu wa kweli. Alliance wameunganisha shule na akademi, kwa hiyo vijana wanasoma na kufanya mazoezi pamoja mpaka wanazoeana. Klabu yao ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2018/19. Ilishuka 2020, ndiyo, lakini mwanafunzi aliiona njia ya kutoka darasani hadi ligi kwa macho yake.